Masale Yaliyonyooka

Nianze kwa kuwategea. Mwenyeji wangu amelala tangu sijazaliwa, amenibeba mgongoni mimi na watoto wangu, hajawahi kulalamika. Lakini siku akigeuka ubavu hakuna atakayebaki kitandani. Mkisema ni mlima, mmepata. Hapa Vukonde mtoto hukijibu kitendawili hicho kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake.

Siku Bhoke, mtaalamu wa kupima miteremko, alipokuja kumwaga nyuzi nilikuwa nimechemsha makande tangu alfajiri, mahindi mapya na maharage mekundu, nikayaunga kwa maziwa kama ninampikia mkwe. Na kwa nini nisimpikie? Huyo binti ndiye angeniletea mwanangu, au angeninyima.

"Bibi, ukinishibisha hivi nitapanda vipi huko?" aliuliza akiitazama sahani.

"Kula. Mlima haupandwi na tumbo tupu."

"Na nikisema mteremko haufai?"

"Utakuwa umeshakula makande yangu. Utaona haya."

Alicheka. Alikuwa Mkurya mrefu, sauti yake kama ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Akala, akaongeza, akabeba pipa lake mgongoni, tukapanda pamoja hadi kwenye kiwanja changu chini ya genge la mawe la Ngondi. Kukiita kiwanja ni kukiheshimu. Ni kipande cha mteremko ambacho mbuzi akisimama, miguu miwili inakuwa mirefu na miwili mifupi. Lakini ndicho pekee kilichobaki. Ardhi tambarare yote ya mlimani ilishajaa watu waliopanda kutoka bondeni wakikimbia joto.

Bhoke alitoboa mashimo, akamwaga. Mtu akisikia nyuzi anafikiri za cherehani. Hizi ni hai. Zinafanana na ule ukungu unaoota kwenye mkate uliosahauliwa kabatini, ila hizi wataalamu wamezifuga wakazifundisha kazi moja tu, kushuka. Zinakula majani yaliyooza, zinapenya kati ya punje na punje ya udongo, mpaka zigonge mwamba. Udongo ukivuta, uzi nao unavutika. Bhoke alisema hapo uzi unabadilisha umeme wake. Mimi nasema unaumia. Na maumivu yote hayo yanapanda juu hadi kwenye kigae, kitu cha ukubwa wa kikaango cha chapati, kinalazwa chini. Ukiweka kiganja unasikia kile mlima unachosikia.

"Tuziache zinywe mvua za vuli," akasema. "Nikirudi zitakuwa zimefika mwambani, nami nitakuwa na jibu."

"Lete jibu zuri."

"Nitaleta lililopo, Bibi." Kisha akauliza taratibu, "Wa Juu ni nani kwako?"

"Binti yangu. Na mtoto wake, ambaye sijawahi kumshika."

*

Tunasema Juu, basi, kila mtu anaelewa. Ni kule angani kusiko na uzito, wanakoshona vioo vya jua, vile vinavyotuletea umeme. Nakijwa alikwenda akiwa msichana mwenye mikono myepesi, wakampenda, akakaa. Akazaa hukohuko. Mtoto anaitwa Mkunde, na ukimwona kwenye kioo cha sebuleni, kile cha kupigiana simu, nywele zake zimesimama zote kama ameambiwa jambo la kushangaza.

Anayerudi kutoka Juu harudi popote. Moyo wake umezoea kazi nyepesi. Joto la bondeni litamuua kabla hajamaliza kusalimia watu. Lazima apate baridi ya mlima, na lazima ndugu zake wamjengee nyumba yake mwenyewe juu ya ardhi iliyosikilizwa ikaonekana salama; chumba chake cha zamani kwangu hakihesabiwi. Hilo moja. La pili ndilo lililokuwa likininyima usingizi: mtoto aliyezaliwa Juu akishaanza kuota meno ya pili, mifupa yake haijifunzi tena uzito. Ataweza kuja kama maiti tu. Mkunde alikuwa bado na meno yake ya maziwa, yote, kama punje za mahindi machanga. Kila akicheka nilikuwa nayatazama.

Vuli ilikuja, ikawa ya manyunyu tu. Bhoke akarudi.

Siku hiyo shemeji yangu Kiondo naye alikuwepo. Kiondo amemuoa wifi yangu Nanzia, na nyumba yao iko chini ya kiwanja changu, ukitupa parachichi bovu linaangukia bati lao. Watoto wake wote watatu wako Juu. Jibu la Ngondi lingekuwa jibu lao pia, maana ni mteremko uleule.

Bhoke akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye kigae, akafumba macho. Tukasimama kama watu walio kanisani. Nanzia, aliyekuwa amepanda na ndoo ya maji, akasahau kuitua.

"Umetulia," Bhoke akasema. Kigae kikawaka kijani pembeni. "Umetulia kabisa."

Kiondo akapiga vigelegele. Mwanamume mzima, mvi kichwani! Nanzia akamkanya, "Wewe, hiyo kazi yetu," naye akapiga vyake. Mimi nikakaa kwenye nyasi.

"Ngojeni," Bhoke akasema. "Nyuzi zinajua maumivu ya leo. Ya jana hazikuwepo. Ya jana huwa tunaiuliza miti, kuta, mipaka ya zamani." Akaonyesha masale.

Kwa asiyejua, isale ni mmea wa majani marefu mabichi mwaka mzima, sisi tunaupanda mipakani. Mstari wa masale ulikatiza mteremko kutoka jiwe hadi jiwe, ukitenga kiwanja changu na shamba la Kiondo, na ulinyooka kama kamba ya mwashi.

"Udongo wa juu ukiwa unatambaa, mstari kama huu hujipinda katikati ukaelekea chini, kama kamba ya nguo yenye blanketi la maji," Bhoke akasema. "Huu haujapinda hata kidogo. Ndiyo maana kigae kimeamini. Nimekipa masale kama shahidi." Akachutama, akafukua kidogo kwa kidole. "Ila shina ni la mzee na mizizi ni ya kijana. Haya yaliwahi kupandwa upya?"

"Isale la mpakani haliguswi," Kiondo akadakia, haraka. "Muulize Mpare yeyote. Nani anataka laana?"

Bhoke akanitazama mimi.

Nami nikatazama ndoo ya wifi yangu.

"Sawa," akasema. "Nitalala kwa mwenyekiti. Asubuhi nakuja kufunga kazi."

*

Sasa niwaeleze, msije mkanihukumu bila kujua.

Sisi Wapare tunachekwa kwa kesi. Wanasema Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na si uongo, baba mkwe wangu aliuza wawili. Na kesi kubwa kuliko zote ilikuwa ya masale. Unayapanda, unakaa, siku moja unatazama: yameshuka. Wa chini anasema wa juu amesogeza mpaka ajipanulie shamba. Wa juu anasema ni wa chini, anataka kumsingizia. Mahakamani! Nauli, mashahidi, ndugu hawazikani. Wazee wakachoka. Wakaweka utaratibu: kila mavuno mema kadhaa yakipita, koo mbili zinakutana, wanavuta kamba kutoka jiwe hadi jiwe, masale yaliyotembea yanang'olewa, yanarudishwa kwenye kamba. Hakuna kuulizana nani kayasogeza. Mnakunywa dengelua, pombe yetu ya miwa, mnaimba, yamekwisha. Tunaita kunyoosha mpaka.

Hakuna siku niliyoipenda kama hiyo. Ya mwisho Nakijwa alikuwa msichana mdogo, ndiye aliyeshika ncha ya kamba, akipaza sauti "Nyoosheni!" wazee wanamtii. Mume wangu alikuwa akibeba isale begani kama anambeba mtoto, udongo unamdondokea shingoni, anacheka. Jioni Kiondo alilewa akamwomba msamaha mbuzi. Nikiwa mpweke, hiyo ndiyo siku ninayoifungua na kuitazama.

Na Bhoke kwa maneno yake machache alikuwa amenionyesha ni nini tulichokuwa tukikifanya. Hakuna mtu aliyewahi kusogeza masale. Kila tulipong'oa na kurudisha, tulikuwa tunafuta alama za mlima unaoshuka. Siku ile ninayoitamani kuliko zote tulikuwa tunamziba mdomo shahidi wetu wenyewe.

Kiondo naye alikuwa ameelewa. Alinifuata jikoni, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Shemeji, usiseme."

"Nyumba yako iko chini ya hapo, Kiondo. Nikikata mguu wa mlima nipate mahali pa kuweka msingi, ni kama kumnyang'anya mzee fimbo anayoegemea. Atakuangukia wewe kwanza."

"Aniangukie. Nina miaka mingapi ya kula makande? Nataka watoto wangu wanizike, hata kama watanifukua kwanza."

"Na Nanzia?"

"Nanzia ni wangu."

"Umemuuliza?"

Akaanza kuchokoa majivu ya jiko kwa kijiti.

"Na wale wageni wa bondeni waliojenga chini yako? Hawajui dengelua, hawajui kamba, hawajui chochote. Wanaona mstari umenyooka, wanaamini."

"Aah, shemeji!" Akasimama, kigoda kikaanguka. "Wewe ulikuwa hivi hivi tangu unaolewa. Mtu akikupa asali unatafuta mwiba wa nyuki."

*

Asubuhi, Juu ilipokuwa ikipita upande wetu, nilimwita Nakijwa kwenye kioo. Nilitaka nimwambie yeye kabla ya mtu mwingine.

Alikuwa ameshasikia kuhusu kijani. Habari njema hazingoji. Nyuma yake Mkunde alikuwa akizunguka hewani akiimba, "Tunashuka! Tunashuka!" Mtoto hajui hata chini ni nini.

Nikamweleza. Kamba, mizizi mifupi, yote. Aliacha kutabasamu polepole, kama taa inayoishiwa mafuta.

"Nani mwingine anajua?"

"Kiondo. Yeye hatasema."

"Basi na wewe usiseme, Mama."

"Nakijwa."

"Mama, nisikilize. Unajua nilichokisahau? Uzito wa blanketi. Nalala nimefungwa kamba kama mzigo. Mwanangu hajawahi kuanguka. Unaelewa maana yake? Hajawahi kuanguka akalia nikamwinua." Akafuta macho, na machozi hayakudondoka, yalikaa pale kwenye vidole vyake kama ute wa yai. "Nipe masika mawili. Matatu. Nikae kibarazani, ninuse udongo uliolowa, mlima ukitaka kuja uje. Ni maisha yangu. Nimeyachagua."

"Yako ndiyo, mwanangu. Sikatai."

"Basi?"

Mkunde alikuja mbele, akanitolea ulimi, akacheka. Meno yote.

"Huyu amechagua lini?" nikauliza.

Nakijwa akamvuta mtoto kifuani. Nilifikiri atanitukana, na ningeshukuru, maana tusi lina joto lake. Hakunitukana. Alisema, "Mimi nilidhani unanitamani," akazima.

Nikakiambia kioo kitupu kwamba namtamani mpaka mifupa inawasha.

*

Bhoke alikuwa ameshafika Ngondi, amefungua kigae, anangoja. Kiondo alikuwa amekaa juu ya jiwe la mpaka kama hakimu.

"Yalipandwa upya," nikasema, hata salamu sikutoa. "Siyo mara moja."

Bhoke akainua uso. "Yalikuwa yameshuka kiasi gani?"

Sikuwa na namba za kumpa. Nikasimama katikati ya mstari, nikaanza kutembea kuelekea chini. Nikapita shimo la mhogo, nikapita kichuguu, nikafika pale nilipomkumbuka mume wangu ameinama anang'oa, shati limelowa jasho. Nikasimama. Nilipogeuka, masale yalikuwa juu yangu, mbali kuliko nilivyofikiri.

"Hapa," nikasema. "Hiyo ni ya mwisho. Kabla yake wazee waliyarudisha mara nyingine, na kabla yao wazee wao."

Bhoke akapiga magoti. Alikiambia kigae. Kijani kikafa, kikaja kiza kidogo, kisha wekundu. Akanishika mkono, akakiweka kiganja changu pale. Mwanzoni sikusikia kitu. Halafu nikasikia, chini kabisa, kitu kinachofanana na mtoto tumboni anapojinyoosha. Hakina haraka wala hasira. Kinakuja tu.

"Maji ya masika makubwa yakijaa kati ya udongo na mwamba, udongo utaelea," akasema. "Mwaka huu, mwaka wa kumi, sijui. Lakini hapa hapajengwi. Na mzee," akamgeukia Kiondo, "pale kwako pia pahamwe. Na wale wa chini."

Kiondo akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. "Umefurahi sasa?" akaniuliza.

Nikamwambia Bhoke aje ale. Alikuja. Alikaa mbele ya sahani mpaka makande yakapoa yakashikana, hakuweza kuyagusa. Mwishowe alinibusu mkono, akachukua pipa lake, akaondoka.

*

Masika yalikuja, yakawa makubwa. Wageni wa bondeni walikuwa wameshahamia uwanja wa kanisa. Kiondo na Nanzia walihamia kwangu, maana wapi pengine? Wifi yangu alishukuru kimyakimya. Kiondo alichukua chumba cha kuku, akakipiga lipu, na kila asubuhi alitoka mvuani akatazama Ngondi.

"Shemeji! Mlima wako bado umelala."

"Mwache alale."

"Nimeacha bati zangu nzuri kwa ajili ya mlima unaokoroma tu."

Watu walimcheka, wakanicheka na mimi. Na niseme ukweli wote: zilikuwepo siku nilizotamani uanguke. Uanguke pale pasipo na mtu, utoe mshindo, Nakijwa akiwa Juu auone umejaza bonde udongo mwekundu, aseme, Mama alijua. Nikishatamani hivyo naona aibu, nachukua jembe napalilia hata pasipo na magugu. Mvua zikaisha. Ngondi umesimama, kijani kibichi, mzuri kuliko milima yote.

Nakijwa hakupiga. Niliita, kioo kikaita, kikanyamaza. Nilisikia kwa mtoto wa Kiondo kwamba Mkunde ameng'oka jino la mbele, na jipya linachungulia. Siku hiyo sikupika. Nanzia ndiye aliyepika, akanilisha kwa mkono kama mwali.

Basi mchana mmoja nikiwa nachambua maharage, kioo kikawaka chenyewe.

"Bibi."

Alikuwa Mkunde, peke yake, nywele zimesimama, pengo mbele.

"Mkunde wangu! Mama yuko wapi?"

"Anashona. Amesema mimi ndiye niongee." Akasogea hadi pua ikajaa kioo. "Bibi, nimetunga. Kitendawili!"

"Tega!"

"Nampita kila siku, simkanyagi. Namtazama, hanitazami."

Maharage yalinimwagika mapajani. Jibu nililijua kabla hajafunga mdomo: ni mimi. Nani mwingine anapitwa kila siku kwa juu, ameinamia ungo wake, hajui kama kuna jicho? Lakini nilitaka kushindwa. Mara moja tu katika maisha yangu nilitaka kitendawili kinishinde.

"Wingu," nikasema.

"Siyo! Wingu linanitazama."

"Mlima."

"Siyo, Bibi!" Alifurahi mpaka akapinduka, miguu ikapita mahali pa kichwa. "Umeshindwa! Nipe mji!"

Wengine hutoa Tanga, au Mombasa, au Unguja, miji mikubwa wasiyowahi kuikanyaga. Mimi nilisema, "Nakupa Vukonde. Chukua yote."

Alituliza miguu yake. Akakunja uso, maana anayepewa mji lazima aende, na lazima asimulie.

"Nilikwenda Vukonde," akaanza. "Nikapanda, nikapanda, miguu ikaniuma. Babu Kiondo akanipigia vigelegele. Nikafika kwa Bibi, nikasema hodi, Bibi akasema karibu, akanipa makande yana maziwa. Nikaanguka, nikainuliwa. Nikalala kwenye chumba cha Mama. Blanketi lilikuwa zito! Nikaamka nikachungulia dirishani, dirisha liko mkono wa kushoto..."

"Kulia."

Sauti ilitoka nyuma yake, mahali nisipopaona. Sikuwa nimeisikia tangu kabla ya masika.

"Liko kulia, Mkunde, ukilala kichwa kuelekea mlangoni." Kisha ikauliza, chini chini, "Au wamehamisha kitanda?"

"Hakijahamishwa," nikasema. "Kipo palepale."

Nilisikia sindano ya Nakijwa imesimama.

"Bibi," Mkunde akanong'ona, "sasa nikupe jibu?"

"Bado, mjukuu wangu. Ndiyo kwanza umeamka. Toka nje, niambie unaona nini."